Pete za Nati

Mimi mwenyewe sijawahi kuvaa pete. Mume wangu aliniahidi ya dhahabu tulipokuwa wachumba, kisha akaniahidi ya fedha, kisha akafa kwa homa akiwa bado anaahidi, na ahadi haivaliki kidoleni. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba mtu aliyechunga pete za watu miaka yote hii juu ya kilima cha Rubaya si mtu wa kupenda mapambo. Mimi ni muuza chai. Chai, mikate ya kukaanga, na maharagi siku ambazo kuni zimekauka.

Kibanda changu ni turubai moja na miti minne, hatua chache kutoka mlango wa shimo. Wachimbaji wanakunywa chai kabla ya kuingia, wanakunywa tena wakitoka, na wakitoka wote wana rangi moja, ya udongo, hadi kope. Wa kwanza kuniachia pete alifanya hivyo kwa sababu ya kawaida kabisa: mfuko wa suruali yake ulikuwa umetoboka. Alisema vidole vinavimba mle ndani kwa kupiga nyundo, pete inabana, na mwenzake mmoja alikatwa pete kwa msumeno kidole kikiwa kimeshakuwa cheusi.

"Mama, unichungie hii," akasema, akaingia.

Jioni akaichukua. Kesho yake wakaja watatu.

Baada ya muda sababu ikageuka. Wakaanza kusema shimo halipendi kitu kinachong'aa, kwamba ukiingia na pete kilima kinadhani umekuja kukioa. Walicheka wakisema hivyo, lakini hakuna aliyeingia nayo tena. Nikanunua pini kubwa, ile ya kufungia nepi za watoto, nikawa nachomeka pete humo na kuifunga upande wa ndani wa blauzi. Vitu vikubwa niliviweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga: shapele, yaani rozari, za mbao walizopewa na mama zao, saa zisizotembea, bangili za waya wa shaba, mikufu wanayoiita shene, hirizi za ngozi ambazo wenyewe walizifunika kwa shapele nisizione. Niliziona. Ukichunga vitu vya miilini mwa watu utajua mengi usiyoyauliza. Nilimjua aliyeachwa na mke lakini bado anavaa pete, na nilimjua asiye na mke kabisa ila anavaa ili wasichana wa sokoni wamwone mtu mzima. Wanunuzi wa madini hawakuniachia kitu. Wao walining'iniza simu shingoni kwa kamba, mbili au tatu, hiyo ndiyo mikufu yao, na shimoni hawaingii.

Katika kazi hiyo nilimkumbuka sana bibi yangu, mama wa baba, aliyezaliwa upande wa Walikale akaolewa huku kwetu Masisi kwa watu wa kulima. Miguuni alivaa butega, pete nyembamba zilizosukwa kwa nyuzi za mmea wa msituni, nyingi mno, kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi karibu na goti. Zilimfanya atembee kwa kutupa miguu pembeni kama bata aliyeshiba, na sisi wajukuu tulimcheka kwa kificho. Yeye alituambia kwamba zamani hukuhitaji kumuuliza mtu habari zake, ulimtazama tu. Meno ya chui shingoni, huyo ni wa nyumba ya mwami, mtawala. Butega miguuni, huyo ana mume. Miguu mitupu kwa mwanamke mzima, huyo umpe pole kwanza, salamu baadaye.

Babu alipokufa nilikuwa bado shule ya msingi. Bibi alikaa uani, akaomba kisu cha jikoni, akazikata butega moja baada ya nyingine bila kulia, hadi ungo ukajaa. Ngozi iliyobaki chini yake ilikuwa imepauka, imekunjamana, ngozi ambayo haikuona jua tangu usichana wake. Kesho yake alipita njiani na miguu hiyo, na kila aliyekutana naye alijua. Hakuna aliyemuuliza mume wake anaendeleaje. Mimi mtoto niliona ni jambo la kikatili, kumwonyesha mtu mguu uliochunwa namna ile. Leo naona lilikuwa na huruma kuliko yote niliyoyatenda mimi.

Kwa maana siku moja mtu wa Bweremana aliingia shimoni na hakutoka, na pete yake ikabaki kwenye pini yangu. Nani angeipeleka? Nilishuka mwenyewe hadi ziwani. Nilimkuta mkewe anaanika sambaza, wale dagaa wa ziwani, juu ya neti kuukuu. Nilifungua tu kiganja. Alitazama, akainama, akaendelea kupanga samaki kwa muda, mmoja mmoja, kisha akaanguka juu yao.

Baada ya hapo ikawa desturi bila mtu kuitangaza. Waume waliwaambia wake zao: mimi nikipotelea mle, Mama wa chai atakuletea pete. Nikawa mtu wa kuogopwa. Wanawake walionifahamu walihama njia wakiniona. Siku moja nilikwenda kwa shemeji yangu kula bugali tu, na mke wa jirani yake aliponiona nashuka mlimani akaanza kulia kwa sauti, na mumewe yumo ndani amelala na malaria. Alitoka amejifunga blanketi kuuliza nani amekufa. Watu walicheka. Mimi nilicheka nao, kisha nikarudi nyumbani nikakaa jikoni na hasira. Sikuomba kazi hiyo. Niliomba kuuza chai.

Sasa niseme habari ya kijana wa Mushaki.

Alitoka kwa watu wa ng'ombe. Ng'ombe wao walikwenda na vita, wakabaki wawili wa maziwa na mama yake mjane wa kuwachunga, naye akaja kuchimba. Watu wa kwao na watu wa kwetu hawakukalia benchi moja siku zote, hilo kila mtu wa Masisi analijua na mimi sitalifundisha hapa. Lakini njaa ya asubuhi haina kabila, naye alikunywa chai yangu akaisifu, kitu ambacho wengine hawakukifanya kwa sababu haikuwa nzuri.

Pete yake niliipenda kuliko zote. Hakuwa na uwezo wa kununua, kwa hiyo alichukua nati mbili za chuma kutoka kwenye pikipiki moja iliyokufa, akazisugua kwa tupa majuma mengi hadi zikawa pete mbili, yake na ya mchumba wake. Padri alizibariki kama pete yoyote. Ya kwake ilibaki na kona moja ambayo tupa haikuimaliza.

"Mbona hukuimaliza?" nilimuuliza.

"Ya muke yangu njo niliitengeneza muzuri, Mama. Hii yangu nilichoka."

Aliivua kila asubuhi kabla ya kuingia, hakukosa hata siku moja. Alikuwa anaigusa ile kona kwa kidole gumba, kisha ananipa.

Kilima kilishuka asubuhi, baada ya mvua ya siku mbili. Nilisikia kishindo kizito kama cha gunia la viazi linapotupwa chini, nikageuka, na pale palipokuwa mlango wa shimo palikuwa ni mtelemko tu. Kapita, yaani msimamizi aliyeandika majina ya wanaoingia, alikuwa ndani pamoja na daftari lake, hivyo majina yalizikwa naye. Watu walichimba siku tatu kwa koleo na kwa mikono. Mvua ikarudi. Siku ya nne walifungua shimo jingine pembeni, na ndivyo ilivyokwisha.

Pete tatu nilizipeleka siku zile tatu, nyumba tatu, na kila nyumba nilijua jinsi ya kusimama mlangoni. Ya nne, ya yule kijana, nilipanga kuipeleka Mushaki siku ya nne. Mkewe hakuningoja. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, na mtoto mchanga mgongoni aliyevalishwa shanga za bluu kiunoni. Miguu ya mwanamke huyo ilikuwa imevimba. Alisimama mbele ya turubai, hakunisalimia.

"Mama," akasema, "uko na pete yake?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufungua kiganja. Nilikuwa nimechoka, hilo kweli. Vilio vitatu kwa siku tatu vilikuwa vimenitosha. Na alikuwa mtoto, miaka ishirini hivi, ametembea njia yote ile na maziwa yanamtoka kwenye kitenge. Nikawaza: apumzike kwanza, anyonyeshe, nitamwambia kesho au nitamwambia mama mkwe wake. Kumbe kwa desturi yetu ile hapakuwa na mahali pa kupumzikia katikati.

"Hapana," nikasema. "Siku ile hakunipatia."

Uso wake ulifunguka. Sijaona tena uso uliofunguka hivyo.

"Njo kusema hakuingia!" akasema. "Eye hawezi kuingia nayo, Mama, unamujua. Kama hakukupatia pete, hakuingia. Iko muzima!"

Akanikumbatia, mimi na mtoto na birika, akalia kwa furaha begani kwangu, upande uleule ambako pini ilikuwa imefungwa kwa ndani. Nilidhani nimenyamaza tu. Kumbe nilikuwa nimemwambia mumewe yu hai.

Baada ya hapo alikuja kila siku ya soko kuniletea mashanza, yale maziwa ya mgando ya kwao, kwenye kibuyu. Alikuwa anasema mimi ndiye niliyempa habari njema. Kila mara nilipokea kibuyu nikajiambia: akimaliza kukaa nitamwambia. Alikuwa anakaa, anaongea, anakwenda zake. Watu nao, kwa wema wao wa kijinga, walimwongezea. Mmoja akasema vijana huhama mashimo bila kuaga, na kweli huhama. Mwingine akasema alisikia kuna mtu wa Mushaki anachimba mbali huko Walikale. Mtu wa Mushaki! Kana kwamba Mushaki ina mtu mmoja.

Kisha mama mkwe wake, mama wa yule kijana, akaniita. Walikuwa wamekusanyika kwake, ndugu na watu wa kanisa, wakitaka kijana aombolezwe kama inavyopasa, mjane avae nguo nyeusi, anyolewe, aruhusiwe kulia, na siku moja aruhusiwe kuacha kulia. Mke mwenyewe alikataa. Alikaa kwenye mkeka na mtoto, pete yake ya nati kidoleni, safi, imeng'arishwa kwa majivu.

"Sitavaa nyeusi," akasema. "Pete yake haijarudi. Mama wa chai mwenyewe iko hapa. Mumuulize."

Wote wakanigeukia. Mama mkwe ni mwanamke mrefu, mzee, mwenye fimbo ya uchungaji ambayo haiachi hata akikaa. Alinitazama kwa namna ya mtu anayeomba apewe kibaya ili kiishe. Hapo ndipo ningepaswa kuingiza mkono ndani ya blauzi. Pini ilikuwa pale, nilihisi chuma kwenye ngozi. Lakini ningefungua na kusema nini? Kwamba nimekunywa mashanza yake miezi yote hii nikijua? Niliona haya, basi. Watu husema walidanganya kwa huruma. Mara ya kwanza, labda. Mara ya pili nilidanganya kwa haya, na haya ni kitu kichafu kuliko uongo wenyewe.

"Hakunipatia," nikasema.

Mama mkwe akashusha macho. Matanga hayakuwekwa. Tulipewa chakula nikala.

Mwanzo wa kiangazi yule mke alipanda tena Rubaya, safari hii amefunga mzigo mdogo kichwani na mtoto mgongoni. Alikuwa anakwenda Walikale kumtafuta mumewe. Angepata lori sehemu fulani, sehemu nyingine angetembea. Nilimwambia njia ni mbaya. Nilimwambia habari za msitu, mvua, watu wenye silaha. Nilimwambia mtoto ni mdogo. Nilimwambia kila kitu kinachoweza kumzuia mtu isipokuwa kile kimoja ambacho kingemzuia.

"Mama, mwaka muzima," akasema. "Labda iko mugonjwa. Labda anaona haya kurudi mikono mitupu. Mi njo nitamuleta."

Kisha akavua pete. Ilimchukua muda, kidole kilikuwa kimeizoea, akailowesha kwa mate. Chini yake palibaki mstari uliopauka, na nilipouona nikakumbuka miguu ya bibi yangu uani.

"Kule ku mabaria, pahali banafunga njia, banakamata kila kitu yenye kung'aa," akasema. "Shanga ya mutoto hapana, hiyo haina bei. Lakini hii bataikamata. Unichungie, Mama. Nikirudi naye nitaikamata."

Akanyoosha mkono. Wachimbaji wawili walikuwa wanakunywa chai, maji yalikuwa yanachemka, jua lilikuwa kali. Ilikuwa siku kama siku nyingine. Nikafungua pini. Nilijaribu kuificha kwa upande wa kanga, nikachomeka pete yake, ikateleza ikagonga ile ya mumewe, chuma kwa chuma.

"Iyo ingine ni ya nani?" akauliza.

"Ya mutu moja. Hajarudi bado."

"Mungu amuchunge," akasema, akafunga kitenge vizuri kifuani, akashuka.

Majuma ya kwanza niliuliza kila dereva wa pikipiki aliyetoka upande huo. Mwanamke kijana, mtoto mwenye shanga za bluu. Mmoja alisema amewaona wengi wa namna hiyo. Mwingine alisema njia imefungwa, sehemu ile hakuna anayepita sasa. Wa tatu alimaliza chai yake akaondoka. Tumevuna maharagi mara mbili tangu aondoke. Hakuna simu, hakuna barua, hakuna mtu aliyesikia hata uongo. Nilikuwa nikingoja angalau uongo.

Juzi mama mkwe alipanda kilima. Mzee yule hajawahi kufika hapa juu, alikuwa anapumzika kila hatua kumi akishikilia fimbo, nami nilimwona tangu mbali, na mara hii ni mimi niliyetamani kuhama njia. Nilimpa kidumu akalie. Alikataa chai.

"Mama," akasema, "uko na pete ya mukaza mwana yangu?"

Ulimi wangu ulikuwa na jibu tayari, umelizoea. Nikashindwa. Nilifungua pini kwa haraka, zikatoka zote mbili, zikaanguka kwenye kiganja changu upande kwa upande.

Alichukua ile yenye kona. Akaigusa kwa kidole gumba, palepale alipokuwa anagusa mwanawe.

"Hii iko ya mutoto yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Nilingoja fimbo. Ningeipokea kwa shukrani. Lakini alijaribu kuivaa pete, ikakwama kwenye kifundo cha kidole kilichovimba kwa uzee, akaiacha hapohapo.

"Ungenipatia hii siku tulikuita," akasema polepole, "muke yake angevaa nyeusi. Angelia, angekula. Leo angekuwa kwangu anakamua, na mutoto anakimbia mu majani."

Nilimnyooshea kiganja chenye ile pete nyingine, ile iliyosuguliwa vizuri. Hakuitazama. Aligeuza uso upande wa mashimo.

"Ile hujanionesha," akasema.

"Mama, alinipatia eye mwenyewe, hapa, siku anaenda..."

"Nasema hujanionesha. Nimekuja, nimekuuliza, na weye umenijibu." Akasimama kwa fimbo, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Nijibu sasa."

Nilielewa anachotaka, na nilimpa.

"Hakunipatia," nikasema.

"Basi iko muzima," akasema, akaanza kushuka. Mimi nikachomeka pete kwenye pini, nikaifunga upande wa ndani, kwa sababu wachimbaji wa zamu ya pili walikuwa wameshafika na wa kwanza alikuwa anavua ya kwake.